Masika na Maji ya Mlimani: Jinsi ya Kuitayarisha Nyumba Arusha

Neno kimbunga linapotajwa redioni, mkazi wa Arusha huongeza sauti ili asikie habari za wenzake wa pwani, kisha huendelea na shughuli zake. Hakosei sana. Vimbunga huzaliwa baharini, juu ya maji yenye joto, na nguvu zake hupungua upesi vikifika nchi kavu. Hata pwani yetu hufikiwa mara chache, kwa sababu karibu na ikweta si rahisi upepo wa namna hiyo kujikusanya na kuzunguka. Hata hivyo umewahi kufika. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang’oa minazi na mikarafuu na kuviangamiza vyombo vya Sultani Barghash. Aprili 1952 kingine kiliipiga Lindi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika katika maeneo ya Mafia. Arusha iko mbali na bahari, tena iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wake. Hapa hakuna haja ya kupigilia mbao madirishani.

Lakini Arusha ina mlima, na mlima huo una msimu wake.

Kuanzia Machi hadi Mei pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi huupiga Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, nazo hulazimika kupanda, kupoa na kumwaga mvua. Ndiyo maana upande wa kusini, kuanzia Usa River na Tengeru hadi mjini, ni wa migomba na kahawa, na upande wa kaskazini, kule Ngare Nanyuki, ni mkavu. Maji yanayomwagwa huko juu hushuka kwa mito ambayo kila mwenyeji anaijua: Themi, Naura, Ngarenaro na Burka. Njiani yanakutana na mji ambao umekuwa ukikua mwaka hata mwaka. Pale palipokuwa na mashamba na majani ya kuyanywa maji hayo, sasa pana mabati, saruji na lami. Tone lililokuwa likizama ardhini sasa linakimbia.

Kutokana na hali hiyo kuna jambo ambalo kila familia haina budi kulifahamu kabla ya jambo jingine lolote: mvua inayoweza kukudhuru Arusha si lazima iwe ile inayopiga bati lako. Yaweza kuwa imenyesha mlimani usiku, wakati wewe wa Unga Limited au Sokon umelala na ua wako ni mkavu. Asubuhi korongo ulilolivuka jana kwa kuruka jiwe limegeuka mto wa rangi ya udongo. Mtu anayepima hatari kwa kutazama mawingu yaliyo juu ya kichwa chake anatazama mahali pasipo penyewe. Atazame mlimani, na asikilize taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Si maneno ya kutishana. Tarehe 12 Aprili 2024, asubuhi, gari lililokuwa likipeleka wanafunzi shuleni lilisombwa na maji ya mafuriko jijini Arusha, na watoto wakapoteza maisha. Miezi michache kabla ya hapo, tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliifunika sehemu ya mji wa Katesh, katika mkoa jirani wa Manyara, na kuua watu wengi.

Kwa sababu hiyo, matayarisho ya nyumba hayaanzi kwenye paa wala kwenye mtaro. Yanaanza kwa mazungumzo ya baba, mama na watoto juu ya njia ya kwenda na kurudi shuleni. Mzazi aifuate njia hiyo kwa miguu katika siku kavu, ahesabu makorongo, madaraja na vivuko vyote, na achague njia ya pili isiyovuka maji, hata kama ni ndefu maradufu. Mtoto aelezwe waziwazi kwamba akikuta maji yanatembea juu ya barabara asivuke, na kwamba hatapigwa wala kukaripiwa kwa kuchelewa. Sentensi hiyo ya mwisho ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwani watoto wengi huingia majini kwa kuogopa fimbo kuliko wanavyoogopa maji. Pawepo na nyumba moja upande wa pili wa korongo, ya shangazi, ya jirani au ya mwenzake wa darasani, ambako ataruhusiwa kukaa hadi maji yapungue. Na kwa wale wanaolipia gari la shule, ni haki yao kumwuliza dereva atafanya nini akikuta maji. Jibu la kwamba anaijua njia halitoshi. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 15 tu yaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zaweza kuliinua gari dogo. Tena maji hayo ni meusi kwa tope. Dereva haoni kama barabara iliyo chini yake bado ipo.

Baada ya hapo ndipo tupande darini. Mwezi wa Februari, jua likiwa bado kali, paa likaguliwe na misumari iliyolegea ibadilishwe. Bei ya misumari ni ndogo mno ikilinganishwa na ya bati moja lililopeperushwa. Wapo wanaoweka mawe na magurudumu makuukuu juu ya bati ili upepo usiling’oe; mawe hayo huweza kumwangukia mtu siku upepo unapolishinda bati, afadhali msumari. Mpangaji atasema kwamba paa ni la mwenye nyumba. Ni kweli, lakini godoro linalolowa ni la mpangaji, na wapangaji sita wakimwendea mwenye nyumba pamoja husikilizwa kuliko mmoja anayenung’unika chumbani.

Mtaro nao ni wa wote. Chupa za plastiki zinazotupwa Sekei huziba kalvati za chini. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019 na mitaro ikapata nafuu, lakini chupa hazikuondoka.

Ndani ya nyumba, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, vitambulisho na hati za kiwanja vitiwe katika mfuko usiopenya maji na kuwekwa mahali pa juu panapofikika kwa mkono mmoja gizani. Unga, maharage na kiberiti vikae ndani ya ndoo zenye mifuniko. Simu ichajiwe mapema jioni mawingu yanapofunga. Kila mtu mzima ajue swichi kuu ya umeme ilipo, ili izimwe kabla maji hayajafika kwenye soketi, yakishafika, asiikaribie. Namba ya Zimamoto na Uokoaji, 114, iandikwe ukutani.

Adui mwingine wa masika hana kelele. Baridi ya Meru ikiingia na kuni zikilowa, jiko la mkaa huhamishiwa chumbani, mlango ukafungwa, watoto wakalazwa. Hewa ya sumu itokayo katika mkaa haina harufu wala haiwashi macho, na huua waliolala. Jiko lisilale ndani, hata kama limebaki makaa tu. Mablanketi mawili yatafanya kazi hiyo.

Tusiisahau neema ya mvua hii. Katika vijiji vingi kuzunguka Meru maji ya ardhini yana madini ya floraidi kupita kiasi, kwa sababu ya asili ya volkano ya nchi yenyewe. Meno ya rangi ya kahawia ya watoto waliokulia huko ni ushahidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kuyachemsha maji hayo hakuondoi floraidi. Maji ya mvua hayana madini hayo. Paa la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 25 hutoa lita 1,000, na kila lita iliyoingia tangini ni lita isiyoingia mtaroni. Maji ya kwanza yaachwe yapite, yaoshe vumbi na kinyesi cha ndege. Yanayofuata yakingwe, na ya kunywa yachemshwe.

Kama mafuriko yameshapita nyumbani, yachukuliwe kwamba yamepita pia katika vyoo vya shimo. Chakula kilichoguswa na maji hayo kitupwe bila huruma, vyombo vioshwe kwa sabuni na maji yaliyochemshwa. Mwenye kuharisha apewe maji yenye chumvi na sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya sukari katika lita moja ya maji safi, huku akipelekwa hospitali bila kusubiri asubuhi.

Limebaki neno kwa wanaotafuta kiwanja. Viwanja vya kando ya mito huvutia zaidi wakati wa kiangazi, korongo likiwa kavu na bei ikiwa ya kushawishi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi aupime umbali huo kwa kamba, awaulize wazee wa mtaa maji yalifika wapi mwaka 1998 na mwaka 2024, na aitazame miti ya ukingoni: nyasi kavu zilizonasa katika matawi, juu ya kichwa chake, zinaonyesha kimo cha mto huo ulipojaa.