Kiungo cha Trela la Shule

Wengi wenu mwalijua lile trela dogo livutwalo na Land Rover ya shule kuleta kuni na mahindi. Muhula uliopita lilichomoka mlimani, nami nimeketi juu ya magunia, mahali nisipopaswa kukaa. Mnyororo wa akiba ndio uliotuokoa. Kwa majuma mengi tuliusikia mgongano wake, tukauita "ngoma ya trela" na kucheka. Kumbe lilikuwa onyo. Baadaye niliruhusiwa kumsaidia fundi, na niliyojifunza ni haya.

Kiungo kina sehemu mbili. Nyuma ya gari pana tufe la chuma, kadiri ya ndimu. Mbele ya trela pana kikombe kinacholifunika tufe hilo, na komeo la kulibana. Tufe jipya la namna yetu lina upana wa milimita 50; likifika 49 halifai tena. Nililipima kwa kalipa. Ubavuni lilikuwa 49.6, lakini kutoka mbele hadi nyuma 48.7 tu! Kwa macho lilionekana zima. Hulika zaidi upande huo kwa sababu gari likivuta au kushika breki, chuma husagana pale pale. Nafasi ikiongezeka, kila shimo la barabara huwa nyundo, na mwishowe kikombe huruka juu ya tufe.

Nikauliza, je, hatuwezi kuongeza chuma kwa kulehemu? Fundi akakataa, kwani moto hubadili ugumu wa chuma, wala umbo halirudi sawasawa. Tena tufe jipya ndani ya kikombe kilicholika ni kazi bure. Basi tukabadili vyote viwili.

Kwanza tuliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, tukalitegemeza trela. Tukafungua bolti za zamani, tukasugua kutu, tukatazama kama pana ufa. Kisha tukatia bolti mpya zenye alama ya 8.8 vichwani, na nati mpya za kujikaza, maana zilizotumika hazirudiwi. Tukafunga minyororo miwili iliyopishana chini ya kiungo, ili pua ya trela ikichomoka iangukie juu yake, isichimbe barabara. Mwisho tuliunga trela na gari, tukainua pua kwa jeki mpaka nyuma ya gari ikapanda kidogo. Kikombe hakikuachia.

Wenzangu wa zamu ya shamba, pakieni mzigo mzito karibu na ekseli, kidogo upande wa mbele. Ukirundikwa nyuma, pua huinuka. Kabla ya safari litikiseni komeo kwa mkono. Na mkisikia ngoma, msicheke: mwambieni mwalimu siku ile ile.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne