Tiba za macho ya watoto wasioona mbali: je, ni salama?

Wazazi wengi tulioko ughaibuni tumeyapitia haya. Mwalimu anasema mtoto haoni ubaoni, tunampeleka kupimwa, anapewa miwani, na baada ya mwaka miwani ile haimfai tena. Hapo ndipo tunapoelezwa kuwa zipo tiba za kupunguza kasi ya tatizo hilo. Ni kweli zipo, na sababu ya kuzitumia ipo pia, kwani jicho likizidi mno kurefuka, uwezekano wa retina kubanduka ukubwani huongezeka. Lakini hakuna inayoponya. Na kwa kuwa mtoto huyo anaona vizuri akivaa miwani yake, ni haki yetu kuuliza kwanza tiba itayafanya nini macho hayo.

Tuanze na matone ya atropini. Utafiti wa Singapore uliochapishwa mwaka 2006 ulitumia dawa ya asilimia 1. Ilisaidia sana, ila dawa yenye nguvu hiyo huziacha mboni zimepanuka, mtoto akaumizwa na jua na kusoma kitabu kukawa taabu. Baya zaidi, watoto walipoacha dawa, macho yao yaliharibika kwa kasi kuliko ya wenzao. Ndiyo maana siku hizi hutolewa dawa hafifu, ya asilimia 0.01 hadi 0.05.

Ama lenzi ngumu zinazovaliwa usiku, hatari yake kubwa ni vijidudu. Kidonda kwenye konea kinaweza kuacha kovu la maisha, na maji ya bomba yana amiba anayeweza kulila jicho taratibu. Basi kwa familia zinazoamka alfajiri kuswali, mtoto anawe mikono, aikaushe, avue lenzi, kisha ndipo atawadhe. Wengi hatuambiwi jambo hili dukani.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni mashine za mwanga mwekundu, ambazo mtoto huchungulia dakika chache kila siku, hata nyumbani. Mwaka 2023 madaktari wa China waliripoti habari za msichana wa miaka 12 aliyeanza kuona vibaya kwa macho yote mawili baada ya kuitumia kwa miezi 5, retina zikiwa zimeathirika. Serikali ya China imeziweka mashine hizo katika daraja la vifaa vya hatari zaidi, na tangu Julai 2024 haziruhusiwi kuuzwa huko bila kusajiliwa katika daraja hilo. Kwa maoni yetu, mzazi asiagize mashine ya namna hii kwenye intaneti.

Miwani yenye lenzi maalumu hailigusi jicho, na Marekani iliidhinisha aina moja, Stellest, Septemba 2025. Mtoto huona ukungu kidogo pembeni siku za mwanzo. Bei yake si ya mchezo.

Kucheza nje saa 2 kwa siku, jambo ambalo shule za Taiwan zimelihimiza tangu 2010, husaidia hasa kuchelewesha tatizo lisianze. Wenye wadogo wa mtoto huyo nyumbani waanzie hapo.