Antibiotiki kwa wagonjwa mahututi

Safari hii tunasema juu ya dawa ambayo kila mtu wa Kamituga anadhani anaijua. Homa, antibiotiki. Mafua, antibiotiki. Tunanunua vidonge viwili vitatu bila karatasi ya muganga. Kumbe kazi yake kubwa iko mahali ambapo wengi wetu hatujaingia: chumba cha wagonjwa mahututi, kile wanachoita reanimasiyo.

Mgonjwa wa pale ana mpira wa mkojo, ana seromu katika mshipa, pengine na mpira kooni wa kumsaidia kupumua. Kila mpira ni mlango wa vijidudu. Vikiingia damuni na presha ikashuka, muganga hangoji: antibiotiki inapaswa kuingia katika saa moja. Hapo hakuna ubishi. Lakini anaanza kwa kukisia, na dawa inayopiga vijidudu vingi. Ndiyo maana mbele ya sindano anavuta damu ya kupima, kama haicheleweshi dawa. Nyuma ya siku mbili tatu anauliza tena: tubadilishe kwa ile inayopiga kijidudu hiki peke yake? Au tusimamishe? Kusimamisha ndiko kugumu, maana jamaa wanaona kama mgonjwa wao ameachwa.

Juu ya nini asiendelee tu? Vijidudu dhaifu vinakufa, vile vikaidi vinabaki, vinazaana, vinahamia kitanda cha jirani kwa mikono isiyonawa. Uchunguzi wa mikojo katika hospitali kubwa ya Bukavu, uliotangazwa mwaka 2014, ulikuta E. coli na Klebsiella zilizokwisha kushinda dawa nyingi za kawaida.

Na vikaidi hivyo havizaliwi hospitalini tu. Vidonge tunavyomeza ovyo vinavifuga tumboni mwetu, tunaingia navyo reanimasiyo. Hata mpox ya aina mpya, iliyojulikana hapa kwetu mwaka 2023, ni virusi: antibiotiki haiiui, inafaa tu kama bakteria zimeingia katika vidonda au mapafu.

Basi tukipeleka mgonjwa, tuchukue na pakiti ya vidonge alivyomeza nyumbani, hata kama tunaona haya. Muganga akiiona, atajua ni dawa gani pengine imekwisha kushindwa, asipoteze siku mbili akiirudia.