Ngazi ya fundi wa stima huundwa kwa kuvutwa

FUNDI wa stima anapoegemeza ngazi ya alumini karibu na waya wenye umeme, maisha yake huwa hatarini, kwani metali hiyo hupitisha umeme hadi mwilini. Ndiposa mafundi wengi hutumia ngazi ambayo miimo yake miwili imeundwa kwa nyuzi za kioo na plastiki.

Miimo hiyo hutengenezwa kwa njia iitwayo paltrusheni, ambayo Mmarekani W. Brandt Goldsworthy alichangia pakubwa kuistawisha katika miaka ya 1950. Nyuzi nyingi za kioo huvutwa kwa pamoja, zikatoswa katika gundi ya majimaji, kisha zikapitishwa ndani ya kalibu ya chuma yenye joto la zaidi ya nyuzijoto 100. Humo gundi huganda na kuwa ngumu. Mashine huendelea kuvuta bila kukoma, na msumeno hukata mwimo kwa urefu unaohitajika.

Mwimo huo una takriban robo ya uzani wa chuma cha ukubwa sawa, na haushiki kutu. Hata hivyo, kwa kuwa nyuzi nyingi zimelazwa kufuata urefu, nguvu zake kwa upana ni chache. Kwa hivyo, viwanda huongeza mikeka ya nyuzi zilizotapakaa pande zote.

Jua kali nalo hula gundi ya juu hadi nyuzi zikajitokeza. Mwenye ngazi ya aina hii aikague kila mara kabla ya kupanda: ikiwa na ufa, ikilowa maji au ikichafuka, kinga yake dhidi ya umeme hupungua.