Jumba kubwa, ukuta mrefu, na hakuna wa kukusikia

Simama kando ya barabara inayoingia mtaa wa Runda, jijini Nairobi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na utaona watu wa aina mbili. Wa kwanza wanakuja kwa miguu kutoka Githogoro, kijiji cha mabanda kinachopakana na mtaa huo wa matajiri. Hao ni mayaya, wapishi, watunza bustani na mabawabu wa zamu ya mchana. Wanatembea upesi, na siku za mvua wengine hubeba viatu mkononi. Wa pili wanatoka ndani ya mtaa kwa magari, vioo vimefungwa, wakielekea mjini. Watakaa garini, wakae ofisini mchana kutwa, kisha wakae garini tena mpaka langoni. Mguu wao hukanyaga ardhi kwa dakika chache tu.

Sisemi kuwa umaskini ni dawa. Anayeishi katika kibanda cha mabati ana maradhi yake, na mengi huletwa na maji machafu na moshi wa jikoni. Lakini nimekuwa nikienda Runda tangu mwaka wa 1994, mjomba wangu aliponunua nyumba huko, na nimeona kwa macho yangu jinsi mahali pazuri panavyoweza kumdhoofisha mtu polepole bila yeye kujua.

Mitaa hii ilianza kwa jina la afya. Reli ilipofika Nairobi mwaka wa 1899, mji ulikua ovyo juu ya ardhi tambarare yenye majimaji. Mwaka wa 1902 kulizuka tauni, na soko la Wahindi likateketezwa kwa moto. Mwaka wa 1913 akaja Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya kutoka Uingereza, naye akapendekeza watu wa rangi mbalimbali watengwe katika makazi yao. Wazungu wakajichukulia miinuko ya magharibi na kaskazini, kwenye baridi na udongo mwekundu, huku Waafrika wakisukumwa mashariki, bondeni. Baada ya uhuru, rangi iliacha kuwa kizuizi na pesa ikachukua nafasi yake. Mwafrika aliyefaulu alihamia Muthaiga, Karen au Lavington, na baadaye Runda, na hakuna aliyemlaumu. Nani asiyetaka hewa safi na mahali pa watoto kuchezea?

Kabla ya hapo mjomba aliishi Umoja. Alikuwa karani wa benki na alitembea kila asubuhi hadi kituo cha basi, akarudi jioni vivyo hivyo, akipitia sokoni. Jirani alibisha mlango kuomba chumvi, akaketi hadi habari za usiku ziishe. Alipopandishwa cheo na kuhamia Runda, kwenye nusu ekari yenye ukuta wa mawe na nyaya za umeme juu yake, mambo hayo yote yalikoma katika wiki moja. Duka lilikuwa mbali, kwa hivyo hata mkate ulifuatwa kwa gari. Nyama choma haikuwa tena ya sikukuu, ilikuwa ya kila Jumapili. Suruali zikaanza kubana, nasi jamaa tukamsifu kuwa amenawiri. Hapo tulikosea sana, maana kwetu kitambi bado ni ushahidi wa baraka.

Hali ya mjomba si ya pekee. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba asilimia 33 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Miongoni mwa walio maskini zaidi, kiwango kilikuwa asilimia 12. Miongoni mwa walio na mali zaidi, kilikuwa asilimia 50, yaani mmoja katika kila wawili. Mwaka uliofuata, uchunguzi mwingine wa serikali uligundua kwamba karibu robo ya watu wazima nchini walikuwa na shinikizo la damu, na kwamba zaidi ya nusu ya Wakenya hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Maradhi haya hayaumi. Mtu hujiona mzima huku mishipa yake ikichakaa.

Mjomba alipimwa, akaambiwa yake ni 170 juu ya 100, ilhali daktari huanza kuwa na wasiwasi ikifika 140 juu ya 90. Alimeza tembe kwa miezi kadhaa, akahisi nafuu, akaziacha. Ni kosa la watu wengi. Tembe za presha haziponyi ugonjwa ukaisha kama malaria. Zinaushikilia chini, na ukiziacha unainuka tena.

Jumamosi moja ya Agosti 2022, mkewe akiwa Murang'a kwa matanga na watoto wao wakiwa ng'ambo, mjomba alianguka chumbani, orofa ya juu. Alikuwa na umri wa miaka 67. Upande wa kulia ulikuwa umekufa ganzi na sauti haikutoka. Simu ilikuwa juu ya meza, mita mbili tu kutoka alipolala. Bawabu alikuwa langoni akisikiliza redio. Gazeti lilikaa mlangoni hadi karibu saa sita mchana, ndipo mtunza bustani akashuku. Milango ilikuwa imefungwa kwa ndani na madirisha yote yana vyuma. Alikimbia nyumba ya pili kuomba msaada, bawabu wa huko akakataa kufungua kwa kuwa hakuwa na ruhusa. Nyumba ya tatu walifungua. Mama mwenye nyumba alikuwa muuguzi mstaafu. Alikuwa ameishi hapo miaka tisa na hakujua jina la mjomba.

Mama huyo alifanya yaliyopaswa kufanywa, na ni vyema msomaji ayajue. Mlango ulipovunjwa, alitazama kama uso umepinda upande mmoja, akamwambia ainue mikono yote miwili, akamsikiliza akijaribu kusema. Dalili mojawapo ya hizo inatosha kumkimbiza mtu hospitalini. Hakumpa maji wala chakula, kwa sababu mgonjwa wa kiharusi anaweza kupaliwa. Hakumpa aspirini pia, kwa kuwa kabla ya kichwa kupigwa picha hakuna ajuaye kama mshipa umeziba au umepasuka, na ukiwa umepasuka aspirini inaweza kuzidisha kuvuja kwa damu. Alimlaza kwa ubavu, akaita gari. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyeweza kulijibu: alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi?

Swali hilo ndilo lililoamua mambo. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda katika ubongo, lakini kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Hospitalini ilionekana kuwa mshipa ulikuwa umeziba, kwa hivyo dawa hiyo ingeweza kufaa. Lakini mtu wa mwisho kumwona mjomba alikuwa bawabu wa usiku, saa tatu usiku, alipofunga mapazia. Hawakuithubutu. Kule Umoja, nadhani, mtu angebisha mlango kabla ya chai kupoa.

Leo mjomba anatembelea mkongojo na kusema polepole. Walimwambia afanye mazoezi, naye akaagiza mashine ya kukimbilia, ambayo sasa inaanikwa taulo. Kilichomfaa ni kitu kingine. Wataalamu hupendekeza mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kama vile kutembea kwa haraka, na kwa hilo Runda ina bahati: msitu wa Karura uko karibu. Huo ni msitu ule ule ambao Wangari Maathai aliupigania hadi akajeruhiwa, Januari 1999, wakati wenye nguvu walipotaka kuugawa viwanja. Mjomba huenda huko siku tano kwa wiki pamoja na yule mtunza bustani, mwendo wa mkongojo. Chumvi imepungua mezani na tembe ziko kando ya mswaki. Mkewe ana ufunguo wa akiba kwa muuguzi, naye muuguzi ana wake kwao. Nambari za simu za nyumba sita zimebandikwa ndani ya kibanda cha bawabu.

Muuguzi huja kila Jumatano na mashine ya kupimia presha. Mwezi wa kwanza alipomaliza kwa mjomba, alimwita bawabu wa usiku naye apimwe, kwa mzaha tu, kwani jamaa ni mwembamba kama fimbo. Ilisoma 168 juu ya 104. Hajawahi kupimwa maishani. Hulala mchana saa chache kibandani, na usiku hukaa akinywa chai ya sukari nyingi na kula chipsi zenye chumvi ili asisinzie. Sasa ana kadi ya kliniki, na mjomba ndiye humwuliza kila jioni kama amemeza tembe.