Ugonjwa wa Ukoo na Sahani Ndogo

Mazungumzo ya redio, yaliyochapwa kwa ajili ya washarika

Masomo: Yohana 9:1-3, 1 Wafalme 19:4-8

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo katika nyumba nyingi husemwa kwa sauti ya chini. Jambo lenyewe ni saratani ya tumbo inayofuata ukoo, na maisha ya mtu aliyeondolewa tumbo lake kwa upasuaji.

Hebu tuchukue mfano wa nyumba moja pale Kabiria, upande wa magharibi wa jiji la Nairobi. Hatumsemi mtu fulani. Ni mfano tu, wa nyumba kama zilivyo nyingi kati ya Riruta na Waithaka. Nyanya alikufa kwa tumbo. Mjomba naye alikufa kwa tumbo, hata miaka arobaini na mitano hakuifikisha. Sasa binti wa nyumba hiyo amerudi kutoka hospitali. Amekonda, na mfuko wake wa chakula umeondolewa wote. Jumapili alasiri akina mama wa kanisa wanakuja kumwona. Wamebeba chupa za chai ya maziwa yenye sukari nyingi, sufuria ya githeri, na mukimo. Wanampakulia sahani iliyojaa, kama ilivyo desturi yetu. Anakula vijiko vichache, kisha kwa heshima ya wageni anajikaza na kuimaliza chai. Punde jasho linamtoka, moyo unamwenda mbio, naye anaomba ruhusa akalale. Akina mama wanatazamana. Njiani mmoja ananong'ona, "Ukoo ule una kitu."

Neno hilo ndilo tunalotaka kulijibu leo. Na sahani ile iliyojaa, nayo tunataka kuijibu.

Wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, mtu huyo au wazazi wake. Walikuwa na majibu mawili tu mkononi. Bwana aliyakataa yote mawili. Hakumtafuta mwenye kosa. Alimgeukia mgonjwa akamtendea kazi ya Mungu. Ndugu zangu, swali la wanafunzi lingali linaulizwa matangani, na mara nyingi sisi watu wa kanisa ndio tunaoliuliza.

Na tusafiri sasa mpaka nchi ya mbali, kwa maana huko swali hili lilijibiwa kwa njia ya kutufaa sisi. Katika New Zealand uliishi ukoo mmoja mkubwa wa Wamaori. Kwa muda wa miaka kama thelathini ulizika watu wapatao 25 kwa saratani ya tumbo, wengi wao wakiwa vijana. Wako waliosema ni laana. Lakini watu wa ukoo ule hawakuliacha jambo hapo. Waliwaendea wataalamu wenyewe, wakawapa majina ya jamaa zao waliokufa, wakakubali kutolewa damu ipimwe. Mwaka 1998 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Otago, wakiongozwa na Parry Guilford, pamoja na ukoo huo, walitangaza kwamba wameipata sababu. Ilikuwa kosa dogo katika jeni moja iitwayo CDH1.

Jeni ni nini? Ni agizo lililo ndani ya mwili, tunalolirithi kwa baba na mama, kama tunavyorithi urefu au sura. Jeni hii ya CDH1 huagiza mwili kutengeneza kitu kinachozishika seli pamoja, kama saruji ishikavyo mawe ya ukuta. Agizo likiwa na kasoro, baadaye maishani seli za mfuko wa chakula zaweza kuachana na kutawanyika, na hapo saratani huanza. Mzazi mwenye kasoro hiyo, kila mtoto wake ana nafasi sawa ya kuirithi au kutoirithi, kama shilingi irushwayo juu. Aliyeirithi hakukosa neno. Asiyeirithi hawezi kuwapa watoto wake. Basi hapo laana i wapi? Ukuta ukiwa na saruji mbovu, hatusemi mawe yametenda dhambi.

Lakini tusije tukawatia watu hofu bure. Saratani nyingi za tumbo hazirithiwi. Zinazotokana na kasoro za kurithi namna hii ni kama 1 hadi 3 katika kila 100. Nyingi zaidi huhusiana na mdudu aitwaye helikobakta, waliyemgundua madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, mwaka 1982. Mdudu huyo huambukizwa hasa utotoni, ndani ya nyumba moja. Kwa hiyo yawezekana ndugu wawili wakaugua, si kwa damu yao, bali kwa kuwa walikulia pamoja. Mdudu huyu ana dawa. Tumbaku pia huongeza hatari, na vyakula vilivyotiwa chumvi nyingi vivyo hivyo.

Ni nani basi apaswaye kuuliza habari za jeni? Ni nyumba ambayo watu wawili au zaidi wa damu moja wamepata saratani ya tumbo, hasa ile inayotawanyika ndani ya ukuta wa tumbo. Ni mtu aliyepata saratani ya namna hiyo kabla ya miaka 50. Pia ni ukoo ulio na saratani hiyo ya tumbo pamoja na aina fulani ya saratani ya matiti, kwa maana kasoro ya CDH1 huwaletea wanawake hatari ya matiti pia. Nyumba ya namna hiyo na iende kwa daktari ikiwa na orodha mkononi: nani aliugua, ugonjwa gani, akiwa na umri gani. Kutoka Kabiria si mbali kufika hospitali ya misheni ya Kikuyu, iliyoanza mwaka 1908, wala Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, iliyoanza mwaka 1901. Daktari ataeleza ni kipimo gani kinachofaa, na mara nyingi huanza kumpima yule aliyekwisha kuugua.

Tena tuseme wazi. Mtaani kwetu kila maumivu ya tumbo huitwa vidonda, na mtu hununua dawa dukani mwezi baada ya mwezi. Mtu anayekonda bila sababu, anayeshiba kwa matonge mawili, anayeshindwa kumeza, anayetapika mara kwa mara au kutapika damu, au anayepata choo cheusi kama lami, asiendelee kununua dawa. Na apimwe kwa ule mpira mwembamba wenye kamera. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua.

Lakini katika ugonjwa huu wa CDH1 hata kamera yaweza kudanganyika, kwa sababu saratani hujificha chini ya utando wa tumbo kabla ya kuonekana. Kwa hiyo madaktari huwashauri wengi wenye kasoro hiyo waondolewe mfuko wote wa chakula wangali wazima, mara nyingi kati ya miaka 20 na 30. Wako wanaochagua kungoja huku wakipimwa kwa kamera kila mwaka. Uamuzi huu ni mzito, ndugu mpenzi. Ni kumwambia kijana mwenye afya aingie katika chumba cha upasuaji kwa ajili ya ugonjwa asiousikia bado. Asiamue peke yake, wala sisi tusimwamulie.

Je, mtu aweza kuishi bila mfuko wa chakula? Naam, aweza. Mwaka 1897, mjini Zurich katika Uswisi, daktari Karl Schlatter alimwondolea mama wa miaka 56 mfuko wote, na mama huyo akala tena, akaishi zaidi ya mwaka mmoja. Siku hizi wako walioishi miaka mingi, wakafanya kazi na kulea watoto. Daktari huuondoa mfuko, kisha huunganisha utumbo mdogo na koo la chakula. Ghala imeondolewa, lakini njia ingalipo.

Na kwa kuwa ghala haipo, chakula hakingojei tena mahali. Hushuka upesi katika utumbo. Kikiwa kingi au kitamu mno kwa sukari, utumbo huvuta maji mengi kwa ghafula, na katika dakika 10 hadi 30 mtu hutokwa jasho, moyo humwenda mbio, tumbo humsokota na kumharisha. Huenda tena baada ya saa moja hadi tatu akatetemeka na kuishiwa nguvu, kwa sababu sukari ya damu imeshuka. Hilo ndilo lililompata binti yetu wa Kabiria. Si kitu cha ukoo. Ni ile chai ya sukari.

Basi tumsaidie namna gani? Ale kidogo kidogo, mara sita au nane kwa siku. Atafune sana, mpaka chakula kiwe kama uji. Anywe maji kati ya chakula na chakula, si pamoja nacho. Apunguze sukari, soda na asali. Apate yai, maziwa kama yanamkubali, samaki, ndengu zilizoiva vizuri, nyama iliyosagwa. Githeri ngumu na ingoje mpaka utumbo uzoee. Asilale mara tu baada ya kula, na kitandani kichwa kiinuliwe. Kukonda katika miezi ya kwanza ni jambo la kawaida. Wengi hupoteza sehemu ya kumi, hata ya tano, ya uzito wao kabla mwili haujatulia.

Jambo moja asilisahau maisha yake yote, nalo ni vitamini B12. Mfuko wa chakula ndio uliotoa kitu cha kuusaidia mwili kuipokea vitamini hiyo. Mfuko usipokuwapo, mara nyingi mtu huhitaji sindano, kwa muda atakaoagiza daktari. Akiba ya mwili yaweza kudumu miaka kadhaa, na kwa hiyo mtu hujiona mzima akaacha sindano. Kisha damu hupungua, na miguu hufa ganzi. Madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D navyo viangaliwe. Kanisa likifanya harambee ya upasuaji, na likumbuke pia sindano za mwaka wa tano.

Sasa mtutazamie Eliya. Alikimbilia jangwani, akalala chini ya mti, akaomba afe. Mungu hakumhubiria. Alimtuma malaika na mkate na maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamgusa, akamwambia ale, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu kwake. Hakukemewa kwa kutomaliza yote mara ya kwanza. Alilishwa, akaachwa apumzike, akalishwa tena. Hiyo ndiyo kazi ya mtu amtembeleaye ndugu asiye na mfuko wa chakula. Mchukulie bakuli dogo. Mwulize, "Dada, sasa waweza nini?" Akikataa, usikasirike, rudi baada ya saa mbili. Haba na haba hujaza kibaba.

Na wewe uliyefanyiwa upasuaji, au uliyepimwa ukaonekana unayo kasoro, twakusihi jambo moja. Waambie ndugu zako. Mwite kaka yako wa Kawangware na dada yako aliyeolewa mbali, uwaambie jina la ugonjwa kama daktari alivyokuandikia. Tunajua ni vigumu. Waogopa watasema binti zenu hawaolewi. Lakini ukinyamaza, mpwa wako atajua habari hii siku atakayokuwa amechelewa. Ukoo ule wa New Zealand ulisema kwa sauti yale yaliyokuwa yakinong'onwa, na watoto wao wengi wako hai leo kwa sababu hiyo.

Mama yule akinong'ona tena njiani kwamba ukoo ule una kitu, mjibu kwa upole, "Ndiyo mama, wana ugonjwa, nao una jina. Twende kesho na bakuli dogo."

Na tuombe. Ee Baba yetu, utusamehe kwa kuwatafuta wenye dhambi pale ulipotutuma kutafuta wagonjwa. Uwape ujasiri wale wanaongoja majibu ya kipimo, na saburi wale wanaojifunza kula upya. Utufundishe kuketi mezani pamoja nao bila haraka. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.