Tani za Nini? Kusoma Takwimu Huria za Gesijoto kwa Kiswahili

Katika muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu wa mwaka wa tatu, wanaosoma somo la Tafsiri, matini fupi ya kisayansi kutoka Kiingereza. Matini yenyewe ilihusu ardhi ya mboji iliyoko katikati ya bonde la mto Kongo. Tuliichagua kwa sababu baadhi ya wanafunzi hao wanatoka Kongo ya mashariki, na pia kwa sababu ilionekana nyepesi. Ilikuwa na takwimu moja tu yenye uzito, kwamba ndani ya mboji hiyo mna takriban tani bilioni 30.6 za kaboni. Karibu wanafunzi wote waliandika "tani bilioni 30.6 za hewa ukaa". Nasi walimu, hatuna budi kukiri, tulisahihisha upatanisho wa kisarufi na alama za uakifishaji, lakini takwimu tukaipitisha bila kuigusa. Aliyetuzindua ni mwanafunzi mmoja aliyesoma kemia katika shule ya sekondari. Siku ya kurudishiwa kazi alinyosha mkono akauliza, "Mwalimu, hizi ni tani za nini?"

Swali hilo ndilo lililozaa makala haya.

Kaboni ni elementi. Ndiyo iliyojaa katika makaa, katika kuni na katika miili yetu. Hewa ukaa, ambayo vitabu vya shule huiita kabonidayoksaidi, ni gesi inayopatikana pale atomu moja ya kaboni inapoungana na atomu mbili za oksijeni, kwa mfano mkaa unapowaka jikoni. Atomu ya kaboni ina uzito wa 12, na zile mbili za oksijeni zina uzito wa 32, jumla 44. Kwa hiyo tani moja ya kaboni ikiungua yote hutoa tani 3.67 hivi za hewa ukaa. Uzito ulioongezeka umetoka hewani.

Sasa tutazame kosa letu lilikuwa na ukubwa gani. Kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia, dunia nzima hutoa takriban tani bilioni 37 za hewa ukaa kwa mwaka. Msomaji wa tafsiri yetu angelinganisha 30.6 na 37, akahitimisha kwamba mboji yote ya Kongo haifikii moshi wa dunia wa mwaka mmoja. Matini ya asili ilisema kitu kingine kabisa. Tani bilioni 30.6 za kaboni ni sawa na tani bilioni 112 za hewa ukaa, yaani utoaji wa dunia nzima kwa miaka mitatu. Tulikuwa tumeipoteza miaka miwili ya dunia ndani ya neno moja.

Hili si jambo la darasani tu. Mboji hiyo ni mabaki ya majani na miti yaliyozama majini yasioze kabisa, yakarundikana kwa takriban miaka 10,000, mahali pengine hadi kina cha karibu mita sita. Ramani yake ya kwanza kamili ilichapishwa mwaka 2017 na watafiti wakiongozwa na Greta Dargie na Simon Lewis. Mwaka 2022 utafiti mwingine, uliopima pia upande wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ulipanua eneo hilo hadi kilomita za mraba 167,600 na kukadiria kaboni yake kuwa tani bilioni 29. Mwaka huohuo wa 2022 serikali ya Kinshasa ilitangaza mnada wa vitalu vya mafuta, na baadhi yake vilikuwa juu ya mboji hiyohiyo. Mnada ulifutwa mwaka 2024, kisha mwaka 2025 vikatangazwa vitalu vingine 52. Mwananchi anayetaka kutoa maoni yake juu ya vitalu hivyo, awe upande gani, anastahili kujua kama chini ya miguu yake kuna uzito wa mwaka mmoja au wa miaka mitatu.

Takwimu za namna hii siku hizi ziko wazi kwa kila mtu. Ndizo tunazoziita takwimu huria, yaani takwimu zinazoweza kusomwa, kunakiliwa na kutumiwa na yeyote bila malipo na bila kuomba ruhusa. Haikuwa hivyo zamani. Satelaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa na Marekani mwaka 1972, lakini kwa miaka mingi picha moja iliuzwa kwa mamia ya dola, bei ambayo idara kama zetu zisingeimudu. Picha hizo zilifanywa kuwa za bure mwaka 2008. Mwaka 2014 ulianzishwa mtandao wa Global Forest Watch unaoonyesha miti inavyotoweka duniani, na mwaka 2021 muungano wa Climate TRACE, ambao Al Gore ni mmoja wa waasisi wake, ulitoa hesabu yake ya kwanza ya gesijoto ikitegemea satelaiti na programu za kompyuta badala ya kungoja taarifa za serikali. Tume ya Ulaya nayo ina jedwali lake liitwalo EDGAR. Mwanafunzi mwenye simu ya kawaida anaweza kuyafungua yote haya akiwa bwenini.

Kufungua ni jambo moja, kuelewa ni jambo jingine. Global Forest Watch, kwa mfano, huhesabu upotevu wa miti. Mti kwao ni uoto wowote unaozidi mita tano kwa urefu, uwe msitu wa asili au shamba la mikalitusi. Mkulima wa hapa Uganda akivuna misonobari aliyoipanda mwenyewe ili aiuze mbao, eneo lake litang'aa kwenye ramani kama upotevu, hata kama atapanda tena msimu ujao. Anayeandika "ukataji wa misitu" chini ya ramani hiyo amesema zaidi ya ramani ilivyosema. Tumeliona kosa hili mara nyingi kiasi kwamba tumeliwekea alama yake kwenye karatasi za majaribio.

Mfano wa ng'ombe ni mgumu kidogo, lakini tunaomba wasomaji watuvumilie, kwani katika nchi zetu sehemu kubwa ya gesijoto haitoki viwandani bali kwenye ardhi na mifugo.

Hakuna anayefuata kila ng'ombe kupima anachocheua. Wataalamu huhesabu ng'ombe, kisha huzidisha idadi hiyo kwa kigezo. Mwongozo wa mwaka 2006 wa IPCC, lile jopo la wanasayansi wa tabianchi lililoundwa na serikali mbalimbali, unakadiria kwamba ng'ombe wa Afrika asiye wa maziwa hutoa kilo 31 za methani kwa mwaka. Basi mfugaji wa Ankole mwenye ng'ombe 100 wa namna hiyo ataandikiwa tani 3.1 za methani. Methani hulipasha joto anga kuliko hewa ukaa, kwa hiyo ili ziwekwe kwenye safu moja ya jedwali, tani hizo huzidishwa tena. Huzidishwa kwa ngapi? Ripoti ya IPCC ya mwaka 1995 ilisema 21. Ile ya 2007 ilisema 25. Ile ya 2013 ilisema 28, na hiyo ndiyo inayotumiwa sasa na nchi zinapotoa taarifa zake chini ya Mkataba wa Paris. Mfugaji wetu basi ana tani 65.1, au 77.5, au 86.8, kulingana na mwaka wa kitabu kilichofunguliwa. Hajaongeza hata ndama mmoja.

Sayansi haikudanganya hapo. Vipimo viliboreshwa. Lakini mwandishi wa habari akichukua jedwali la zamani akaliweka kando ya jedwali jipya, atatangaza kwamba mifugo ya Ankole imeongeza uchafuzi kwa theluthi moja, na habari hiyo itakuwa ya uongo ingawa kila tarakimu ndani yake ni ya kweli. Kwa sababu hiyo tunawafundisha wanafunzi kwamba jedwali la gesijoto halitafsiriwi bila maelezo madogo yaliyo chini yake, yale ambayo watu wengi huyaruka.

Tuje sasa kwenye jambo ambalo sisi walimu wa lugha tunalimudu kuliko wanasayansi. Mwaka 2022 Uganda iliwasilisha kwa Umoja wa Mataifa ahadi yake ya kupunguza gesijoto kwa asilimia 24.7 ifikapo mwaka 2030. Tulipowaomba wanafunzi waieleze ahadi hiyo kwa Kiswahili, wengi waliandika: "Uganda itapunguza gesijoto zake kwa asilimia 24.7." Sentensi haina kosa la sarufi. Msomaji ataelewa kwamba gesi za mwaka 2030 zitakuwa chache kuliko za leo.

Waraka wenyewe hausemi hivyo. Unasema kwamba mwaka 2015 nchi ilitoa tani milioni 90.1, na kwamba kama mambo yangeachwa yaende yalivyo, mwaka 2030 zingefika milioni 148.8. Ahadi ni kuzifikisha milioni 112.1. Kipunguzo cha asilimia 24.7 kimetolewa kwenye ile 148.8, ambayo ni ya kukadiriwa. Ukilinganisha na 2015, gesi zitakuwa zimeongezeka. Huenda ni ahadi ya haki kwa nchi changa ambayo watu wake wengi bado hawana umeme, nasi hatuoni aibu kusema hivyo. Lakini ni ahadi ya kupunguza ongezeko, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Kiswahili kina kiambishi kinachoibeba tofauti hiyo yote bila jasho. Ni -nge-. "Mwaka 2030 Uganda itatoa gesijoto pungufu kwa asilimia 24.7 kuliko ambazo ingetoa kama isingechukua hatua yoyote." Sentensi ni ndefu, tunakubali, na mhariri wa gazeti atatamani kuikata. Akiikata aanzie kwingine, asiondoe -nge-. Aidha ipo -ki- ya kuzingatia, kwa kuwa waraka unaeleza kwamba asilimia 5.9 tu ndizo nchi itazitimiza kwa uwezo wake, na zile 18.8 zitatimizwa ikipata msaada kutoka nje. Tumefundisha hali ya masharti kwa miaka mingi kwa mifano ya "ningekuwa na pesa ningenunua gari". Tangu muhula uliopita tunatumia mfano huu, na wanafunzi hawasinzii.

Limebaki suala la istilahi. Mabadiliko ya tabianchi yamekwisha kukubalika, nasi tunashukuru, maana zamani kila mtu aliandika hali ya hewa, na mvua ya juzi ikachanganywa na kiangazi cha miaka thelathini. Gesijoto nayo imeshika, kwa kuwa inaeleza kazi ya gesi zenyewe, yaani kuzuia joto lisitoke. Tusichokipenda ni "hewa chafu", inayotumiwa sana redioni. Msikilizaji wa Kampala akisikia hewa chafu hufikiria moshi wa bodaboda na vumbi la barabarani, ilhali hewa ukaa haina rangi wala harufu na kila mmoja wetu anaitoa puani sasa hivi. Hata "hewa ukaa" ina mtego wake. Ukaa hutukumbusha makaa, na makaa ni kaboni, na pengine ndiyo maana wanafunzi wetu waliona kaboni wakaandika hewa ukaa bila kusita. Kwa sasa tumekubaliana kwamba katika maandishi ya kitaalamu tutaandika kabonidayoksaidi, na hewa ukaa tutaiacha katika habari za kawaida.

Hatujapata jina la zile tani za methani zilizokwisha kuzidishwa ili zilingane na kabonidayoksaidi. Wapo wanaosema "tani sawia", lakini sawia kwa watu wengi wa hapa ni sambamba au kwa wakati mmoja. Wapo wanaosema "tani linganifu". Mwenzetu mmoja, aliyelelewa Bujumbura, anapendekeza tuseme tu "tani zenye nguvu ya", kama vile muuza duka anavyosema shilingi zenye thamani ya. Tumelijaribu pendekezo lake kwa ng'ombe wale 100: "tani 3.1 za methani, zenye nguvu ya tani 86.8 za kabonidayoksaidi kwa kigezo cha 28". Linasomeka. Wenzetu wa idara za Kiswahili za Rwanda, Burundi na Kongo wenye neno zuri zaidi watuletee kabla ya toleo lijalo, na tunaomba waliambatanishe na sentensi moja iliyotoka kwenye jedwali halisi.